Napiga sitapu kila asubuhi: kitambi kipo palepale, kiuno kinauma

Shikamoo Mwalimu,

Nina umri wa miaka 38 na kazi yangu ni ya kukaa kitini, kompyuta mbele yangu, tangu asubuhi hadi jioni. Mwanzoni mwa mwaka nilichoka kubana pumzi kila nikitaka kufunga kifungo cha suruali, nikaamua kitambi hiki lazima kiondoke. Jimu sina muda nayo, kwa hiyo nikachagua sitapu, lile zoezi la kulala chali na kuinua kiwiliwili hadi kifua kifike magotini. Nikiamka tu, hata mswaki sijapiga, nashuka sakafuni, nachomeka miguu chini ya kitanda na kuanza kuhesabu. Mwanzoni nilikuwa naishia thelathini nikihema. Sasa mia moja navuka bila taabu.

Tumbo nikilikaza nalisikia gumu chini ya mafuta, ila mafuta yenyewe hayajaenda popote. Suruali ni ileile na kifungo ni kilekile. Halafu limekuja la pili: kiuno. Asubuhi kinakuwa kimekaza, nikiinama kuvaa soksi kinachoma, na wiki iliyopita niliinama kumwinua mtoto nikabaki nimejikunja kwa muda kabla ya kuweza kusimama wima. Maumivu yapo kiunoni tu, hayateremki miguuni.

Nina rafiki ambaye tumbo lake limekatika vipande sita. Ananiambia nisilegeze, niongeze hadi mia tatu, kwamba maumivu ni dalili ya misuli kukua. Mwingine ananishawishi ninunue ule mkanda wa umeme wa kufunga tumboni, unaotingisha misuli huku wewe umekaa. Na mke wangu, aliyejifungua miezi mitano iliyopita, anataka tufanye mazoezi pamoja, lakini alipojaribu sitapu moja niliona tumbo lake limechomoza katikati, mwinuko mrefu kutoka chini ya kifua hadi kitovuni. Tukaogopa, tukaacha.

Niongeze idadi, ninunue mkanda, au niache kabisa?

Mkaza Tumbo

Marahaba, Mkaza Tumbo.

Sitapu ziache kuanzia kesho asubuhi. Mazoezi usiyaache.

Nianze na kiuno, maana kitambi kinaweza kusubiri. Maumivu yanayobaki kiunoni na kuamshwa na kuinama mara nyingi hutulia ukiacha kukitonesha. Lakini yakianza kushuka hadi chini ya goti, au mguu ukafa ganzi na kulegea, nenda hospitali. Ukihisi ganzi sehemu za siri na kwenye makalio, au mkojo ukakataa kutoka, au ukatoka bila ridhaa yako, hiyo ni dharura. Nenda saa hiyohiyo, usingoje kukuche. Na kama wiki kadhaa zitapita umeacha sitapu na bado unachomwa ukivaa soksi, mtafute daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, akuangalie kwa macho yake. Mimi nakusoma tu kwenye barua.

Sasa, kwa nini kinauma? Umekusanya mambo matatu ambayo kila moja peke yake pengine mwili wako ungelivumilia.

La kwanza ni saa. Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna diski, kama kijito laini cha kuzitenganisha. Ukilala usiku, diski hunyonya maji na kujaa. Ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kuliko alivyolala, kwa sentimita moja au zaidi kidogo. Urefu huo huanza kupotea mara anaposimama, na sehemu kubwa huondoka katika saa ya kwanza. Diski iliyojaa hivyo haipendi kukunjwa. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa watu wenye maumivu sugu ya kiuno ambao walifundishwa kuepuka kuinama mapema asubuhi, na maumivu yao yalipungua. Wewe unaukunja mgongo zaidi ya mara mia kabla hujapiga mswaki.

La pili ni hiyo miguu chini ya kitanda. Kuna msuli mrefu unaoanzia ubavuni mwa pingili za kiuno, unapita ndani ya nyonga na kuishia juu ya mfupa wa paja. Kazi yake ni kuinua paja. Ukiibana miguu isitoke, paja haliwezi kuja kwako, kwa hiyo msuli unakuvuta wewe uende kwenye paja, na mahali unapojishikiza ni kwenye pingili zilezile zinazouma. Tumbo lenyewe hufanya sehemu kubwa ya kazi yake mwanzoni, mabega yanapoachana na sakafu. Kutoka hapo hadi kifua kifike magotini, wanaokuinua zaidi ni misuli ya nyonga. Kwa hiyo wepesi uliojivunia, wa kuvuka mia bila taabu, kwa kiasi kikubwa ni wa nyonga zako.

La tatu ni idadi. Stuart McGill, profesa mstaafu wa mambo ya uti wa mgongo wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, alipima na wenzake mkandamizo unaoingia kwenye pingili za kiuno wakati wa sitapu. Walipata takriban niutoni 3,300, yaani kama mzigo wa kilo 340 hivi. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, ilikwisha kuweka kiwango cha tahadhari kwa wanaonyanyua mizigo, nacho ni kama niutoni 3,400. Sitapu moja inakaribia hapo. Wapo watu wanaopiga sitapu miaka yote na migongo yao haijawahi kulalamika, siwakatazi. Ila wewe mgongo wako umekwisha kusema, na rafiki yako anakwambia uuzibe mdomo kwa kuongeza mia mbili. Misuli inayokua huuma kwa uchovu siku moja au mbili baada ya zoezi, tena hapo ilipofanya kazi. Kiuno kinachochoma ukivaa soksi ni habari nyingine.

Hata jeshi la nchi kavu la Marekani, ambalo kwa miaka mingi liliwapima askari wake kwa sitapu za dakika mbili, liliziondoa kwenye mtihani wake, na tangu mwaka 2022 kipimo cha tumbo ni planki: kujinyoosha ukiwa umeinamia sakafu, uzito juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka.

Badiliko hilo linaeleza vizuri misuli ya tumbo ni ya nini. Tumezoea kuifikiria kuwa ni misuli ya kukunja. Fikiria mchana wako: ni mara ngapi unahitaji kupeleka kifua magotini kwa nguvu? Lakini ukibeba mfuko mzito kwa mkono mmoja, ukisukuma mlango unaokwama, ukiteleza ukajizuia usianguke, au ukimwinua huyo mtoto, kila mara kuna nguvu inayotaka kukupinda au kukuzungusha kiuno, na kazi ya tumbo ni kukataa. Uti wa mgongo ni mlingoti, na misuli ni kamba zilizoufunga pande zote: mbele ule mrefu unaotoka kifuani hadi mfupa wa kinena, ubavuni misuli ya mshazari ya tabaka mbili, ndani kabisa msuli unaozunguka kiwiliwili kwa upana, nyuma misuli ya mgongo, juu kiwambo cha kupumulia, na chini misuli ya sakafu ya nyonga. Umekuwa ukikaza kamba moja ya mbele, nyingine umezisahau.

Kwa hiyo nakupa mazoezi ya kukataa kupinda. Yafanye jioni, au asubuhi ukishapita saa moja hivi tangu uamke. Hayahitaji kifaa.

Kabla ya lolote, jifunze kukaza. Usivute kitovu ndani kama mtu anayepigwa picha; hilo linapunguza uimara. Jifanye mtu anataka kukutomasa tumboni kwa kidole: tumbo linakaza mbele, ubavuni na hata nyuma, bila kuingia wala kutoka. Kisha pumua. Wengi hapa ndipo wanaposhindwa, wanakaza kwa kubana pumzi hadi uso unawaiva, na presha inapanda bure. Kama huwezi kuzungumza sentensi nzima huku umekaza, umekaza mno. Mazoezi haya hayahitaji nguvu zako zote, robo inatosha kuanzia.

La kwanza lipo karibu na sitapu, kwa hiyo hutaona umenyang'anywa kila kitu. Lala chali, goti moja likunje, mguu wa pili unyooshe. Viganja vyote viwili viweke chini ya kiuno, pale penye uwazi, ili mgongo usibonyee sakafuni. Kaza, kisha inua kichwa na mabega kidogo tu, kiasi cha kupitisha karatasi chini yake. Shingo isikunjike, kichwa na mabega viende pamoja. Shikilia sekunde 8 hadi 10, shusha, pumzika. Utaona ni kitu kidogo mno hadi ufike mara ya nne au ya tano. Nusu ya safari badilisha mguu.

La pili ni planki ya ubavu, na ukinilazimisha kukuachia zoezi moja tu nitakuachia hili. Lala kwa ubavu, kiwiko chini ya bega, magoti yamekunjwa, halafu inua nyonga hadi mwili unyooke kutoka magotini hadi kichwani. Sekunde 10, shusha, rudia, geuka. Misuli ya mshazari na ile ya kando ya kiuno inafanya kazi kubwa hapa huku mkandamizo kwenye pingili ukiwa mdogo kuliko wa sitapu. Ukizoea, nyoosha miguu na usimamie nyayo. Angalia kama upande mmoja umezidiwa sana na mwingine. Watu wa ofisini wanaoegemea mkono uleule kutwa mara nyingi wana upande mvivu. Upande huo uanze nao, usiuachie mwisho ukiwa umechoka.

La tatu, piga magoti na mikono iguse chini, mgongo umenyooka. Nyoosha mguu mmoja nyuma na mkono wa upande mwingine mbele, mpaka vilingane na mgongo. Shikilia kama sekunde 8, rudisha, badilisha. Nyonga zisizunguke. Weka kikombe cha plastiki chenye maji kiunoni kama hujiamini, kikimwagika umejua. Wanaume wengi niliowafundisha hulidharau zoezi hili kwa sababu linafanana na mchezo wa watoto, na haohao ndio wanaomwaga maji.

Haya matatu ndiyo McGill anayoyahimiza, na mpangilio wake naupenda: mizunguko inayopungua. Unaanza na marudio sita, unapumzika, manne, unapumzika, mawili, umemaliza. Kwa njia hiyo uchovu ukifika idadi nayo inashuka, kwa hiyo marudio ya mwisho yanabaki safi kama ya mwanzo. Ukitaka kuendelea mbele, ongeza marudio. Usirefushe kule kushikilia. Rekodi ya dunia ya planki imepita saa tisa, na kwa kweli sijui mtu anayahitaji masaa hayo kwa kazi gani. Sekunde 10 zilizoshikwa vizuri zinakutosha.

Baada ya wiki chache kiuno kikishatulia, ongeza kubeba. Chukua mfuko au dumu zito kiasi kwa mkono mmoja, simama wima kabisa, tembea hatua ishirini au thelathini, badilisha mkono. Mzigo unakuvuta upande wake, wewe unakataa. Hakuna hesabu nyingine ya kuelewa hapo. Ongeza pia kuinua makalio ukiwa chali na magoti umeyakunja, kwa sababu makalio ya mtu anayekaa kitini siku nzima huzoea kutofanya lolote, na kazi yake ya kuinama na kuinuka inabebwa na kiuno.

Nikifika kwenye kuinama: mtoto akiwa chini, msogelee mpaka awe katikati ya miguu yako, sukuma makalio nyuma, kunja magoti, kaza tumbo, mvute karibu na kifua ndipo usimame. Na kwenye kiti usikae zaidi ya nusu saa bila kusimama, hata kama ni kwenda mlangoni na kurudi. Mazoezi ya dakika kumi na tano hayawezi kushindana na saa nane za kujikunja.

Kitambi sasa. Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu jibu ni fupi, hata kama halipendezi. Mafuta hayachomwi na msuli ulio chini yake. Mwaka 1984 watafiti waliwapa watu sitapu kwa siku 27, jumla yake kama 5,000, wakachukua chembe za mafuta tumboni, mgongoni na kwenye makalio kabla na baada. Zile za tumboni hazikupungua zaidi kuliko za sehemu nyingine. Mwili hutoa mafuta kwenye ghala lake lote, kwa mpangilio ambao umeurithi, na kwa wanaume wengi tumbo huwa miongoni mwa sehemu za mwisho kuonekana zimepungua. Kinacholitoa ni kula kidogo kuliko unachotumia, kwa muda mrefu, bila kujinyima hadi uchukie maisha, pamoja na mwendo wa mwili mzima. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, kama kutembea haraka, na mazoezi ya nguvu ya misuli mikubwa angalau siku mbili. Anza kutembea. Kutembea haraka huku mikono inarushwa kunakisaidia na kiuno chako pia.

Huyo rafiki mwenye vipande sita usimwonee wivu sana. Msuli wa mbele wa tumbo umekatizwa na mistari ya kano, na mistari hiyo kila mtu anazaliwa nayo, mmoja anapata vipande vinne, mwingine sita, mwingine vinane, vingine vikiwa vimepishana. Mazoezi hayaongezi kipande. Kuonekana kwake kunategemea zaidi wembamba wa mafuta yaliyo juu. Unaweza kuwa na kiwiliwili imara mno kisichoonyesha mstari hata mmoja, na ninawajua wenye vipande vya kupendeza ambao huomba msaada wa kubeba meza.

Mkanda wa umeme usinunue. Mwaka 2002 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwafungulia mashtaka wauzaji wa mikanda mitatu ya namna hiyo kwa kuwadanganya watu kwamba itawakata tumbo na kuwapunguza uzito bila jasho. Umeme unaweza kweli kuukaza msuli, na wataalamu wa fiziotherapia huutumia kwa wagonjwa fulani. Kuyeyusha kitambi ukiwa kwenye kochi ni hadithi ya muuzaji.

Nimemwacha shemeji mwisho kwa sababu yake yanahitaji utulivu, na mlifanya vema kuacha. Misuli miwili ya mbele, wa kulia na wa kushoto, imeunganishwa katikati na ukanda wa kano. Mimba inapokua ukanda huo hutanuka na misuli huachana. Kwa wanawake wengi pengo hurudi kupungua lenyewe wiki za kwanza baada ya kujifungua, kwa wengine hubaki, na ule mwinuko mliouona ni tumbo linalosukumwa kupitia hapo palipolegea. Ajipime hivi: alale chali, magoti ameyakunja, ainue kichwa kidogo, na apitishe vidole kwa upana juu ya kitovu, halafu kwenye kitovu, halafu chini yake. Pengo likizidi vidole viwili, au kina kikiwa kirefu na laini, au mkojo unamtoka akikohoa au kucheka, amwone mtaalamu wa fiziotherapia, ikiwezekana anayeshughulika na akina mama. Kukiwa na uvimbe mgumu unaouma hapo kitovuni, amwone daktari kwanza, inaweza kuwa ngiri. Kama alijifungua kwa upasuaji, aulize pia kidonda chake cha ndani kimefikia wapi.

Wakati anasubiri miadi anaweza kuanza na kupumua tu: chali, magoti juu, avute pumzi hadi mbavu zitanuke, na akiitoa polepole akaze kama anayezuia mkojo na tumbo lifuate. Kisha kuinua makalio, na lile zoezi la magoti na mikono, kwanza kwa kunyoosha mguu peke yake. Kipimo chake ni macho: zoezi lolote linaloleta ule mwinuko katikati ni zito mno kwake kwa sasa, alipunguze au aliache. Kutoka kitandani asijikunje moja kwa moja, ageuke ubavu kwanza kisha ajisukume kwa mkono. Na wewe uamke hivyohivyo, angalau mpaka soksi ziache kukuchoma.